Makadirio ya Ajira na Soko la Nyumba Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wenye viwanja, wajenzi wa nyumba za kupangisha, watumishi wanaohamishiwa makao makuu na maofisa mipango wamekuwa wakituuliza kuhusu namna ya kukadiria ukuaji wa ajira na mahitaji ya nyumba mkoani Dodoma. Panapotumika namba za kufikirika tumesema hivyo palepale.

Kwa nini Dodoma ni mfano mzuri wa kujifunzia makadirio ya namna hii?

Kwa sababu ni nadra kupata mji ambao chanzo cha kukua kwake kinajulikana hadi tarehe. Mwaka 1973 TANU iliamua kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kazi ikikusudiwa kukamilika ndani ya miaka 10, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Miaka 10 ikapita, ikafuata 20, ikafuata 30. Bunge likahamia mwaka 1996 na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam mpaka Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote ingehamia Dodoma ndani ya kipindi kilichobaki cha muhula wake. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo, CDA ikavunjwa Mei 2017, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023.

Mtaalamu ambaye angekaa mwaka 1975 akakadiria mahitaji ya nyumba za watumishi kwa hesabu isiyo na kasoro hata moja, angekosea kwa miaka 30 na ushei. Hesabu yake isingekuwa na tatizo. Tatizo lingekuwa tarehe aliyoiamini. Tunalitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa wengi wanaotuuliza hutaka kujua fomula, ilhali makosa makubwa ya Dodoma hayajawahi kutoka kwenye fomula.

Jiji limekua kwa kasi gani hasa, na je, mkoa mzima umekua nalo?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na sensa ya Agosti 2022 ikahesabu watu 765,179 katika jiji. Hilo ni ongezeko la takribani asilimia 6.4 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Mkoa wote ulitoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625.

Sasa toa jiji kwenye mkoa uone kinachobaki. Wilaya nyingine za mkoa kwa pamoja, yaani Chamwino, Bahi, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, zilitoka watu 1,672,632 hadi 2,320,446, ambayo ni kama asilimia 3.3 kwa mwaka, karibu sawa kabisa na wastani wa taifa. Kwa maneno mengine, kuhamia kwa Serikali kuliishia, kwa jumla, kwenye mpaka wa jiji. Anayenunua shamba Kongwa kwa hoja kwamba "Dodoma inakua" anachanganya mkoa na mji, na dalali hana sababu ya kumsahihisha.

Hesabu nyingine ya kurasa mbili za daftari ni hii: kama jiji lingekua kwa kasi ya taifa tu, mwaka 2022 lingekuwa na watu wapatao 565,000. Tofauti ya karibu watu 200,000 ndiyo inayoweza kuitwa ongezeko la ziada, lililoletwa na makao makuu, vyuo, biashara na vyote vilivyofuatana navyo. Ukigawa kwa wastani wa taifa wa watu 4.3 kwa kaya unapata kaya kama 46,600. Ni namba nzuri ya kuanzia mazungumzo na ni namba mbaya ya kujengea nyumba, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Mnaanzia wapi mnapokadiria ajira?

Tunaanza kwa kutenga kazi zinazoleta fedha kutoka nje ya mkoa na kazi zinazozungusha fedha ambayo tayari iko ndani. Mshahara wa mtumishi wa wizara unatoka Hazina na unaingia Dodoma kama maji yanayoingia kwenye pipa. Ada na posho za wanafunzi wa vyuo ni hivyohivyo. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi anayeuza kwa kiwanda cha mvinyo, mkulima wa alizeti wa Kongwa na mfanyakazi wa kiwanda cha mbolea kilichojengwa Nala na wawekezaji kutoka Burundi, wote wanaleta fedha ya nje. Kinyozi wa Area C, mama lishe wa Ihumwa na bodaboda wa Nkuhungu wanaizungusha fedha hiyo. Kundi la kwanza likiongezeka, la pili hulifuata. La pili haliwezi kuongezeka kwa muda mrefu likiwa peke yake, maana vinyozi hawawezi kutajirika kwa kunyoana.

Ujenzi ndio sekta inayowapotosha wengi. Mji wa Serikali ulipoanza kujengwa Mtumba, mashariki mwa jiji kwenye barabara ya Dar es Salaam, mafundi na vibarua walijaa, na kila anayehesabu ajira wakati huo angeona mstari unaopanda kwa kasi. Lakini fundi anayejenga wizara humaliza kuijenga. Reli ya kisasa, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112 na uwanja wa ndege wa Msalato ni kazi zenye mwisho, na ajira zake ni lazima ziwekwe kwenye safu yake peke yake, zikiwa na mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Tunapoona makadirio ya mtu mwingine, kitu cha kwanza tunachotafuta ni safu hiyo. Isipokuwepo, tunafunga jalada.

Kilimo kinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Kwa idadi ya watu ndicho mwajiri mkubwa wa mkoa, lakini mvua ya Dodoma ni chache na hunyesha kwa msimu mmoja, hivyo mwaka mmoja mbaya wa mtama na uwele huwasukuma vijana wa Bahi na Chemba kuja mjini kutafuta vibarua. Ajira za mjini huonekana zimeongezeka siku ambayo hali ya mkoa imezorota.

Je, kila ajira ya Serikali inazaa ajira ngapi nyingine?

Hakuna namba moja, na tunawashauri wasomaji wasiiazime ya nchi nyingine. Kizidishi, yaani idadi hiyo ya ajira zinazozaliwa, hutegemea ni kiasi gani cha mshahara kinatumika palepale. Mtumishi ambaye mke na watoto wako Tabata hupokea mshahara Dodoma na kulipia ada, pango na chakula Dar es Salaam. Kinachobaki Dodoma ni chumba, nauli, chipsi na vocha. Mtumishi huyohuyo akihamisha familia, anaajiri dada wa kazi, ananunua mkaa au gesi, analipia basi la shule na kuchota maji ya boza. Cheo ni kilekile na mshahara ni uleule, lakini athari yake kwa mji ni tofauti kabisa.

Ajira moja mpya inahitaji nyumba ngapi?

Hili ndilo swali kuu la ukurasa huu, na watu wengi hulijibu kwa haraka: ajira moja, nyumba moja. Tuchukue mfano wa kufikirika wa watumishi 1,000 wanaohamishiwa Dodoma kwa mkupuo.

Tuseme 400 kati yao wanakuja na familia na wanahitaji nyumba ya vyumba viwili au vitatu. Wengine 250 wanakuja peke yao na kutafuta chumba masta, ama chumba na sebule chenye choo ndani. Wapo 200 ambao ni wenza walioajiriwa wote wawili, au vijana wa ajira mpya wanaoamua kuishi wawiliwawili. Hao wanahitaji makazi madogo 100. Waliobaki 150 tayari wana nyumba Dodoma, walijenga zamani au walizaliwa hapa, na hawahitaji kitu. Jumla ni makazi 750.

Kisha tuseme watumishi hao, kwa matumizi yao, wanazaa ajira nyingine 1,200 za huduma na biashara ndogo. Kati ya hizo, 700 zinachukuliwa na watu wanaoishi mjini tayari, wengi wakiwa vijana walio kwa wazazi wao. Zinabaki 500 za wageni kutoka Mpwapwa, Kondoa, Singida na kwingineko, ambao hupanga chumba kimoja kwa watu wawili maeneo ya Chang'ombe na Nkuhungu. Hao wanahitaji vyumba 250 vya kawaida.

Ukijumlisha unapata makazi 1,000 kamili. Aliyesema "ajira elfu, nyumba elfu" amepata jumla sahihi kwa bahati, na bado anaweza kufilisika. Akijenga nyumba 1,000 za vyumba vitatu, zenye uzio na parking, atapata wapangaji 400 na kubaki na nyumba 600 zinazolindwa na mlinzi anayelipwa kila mwezi. Mahitaji halisi katika mfano huu ni nyumba 400 za familia, makazi madogo 350 yenye choo ndani, na vyumba 250 vya bei ya chini. Badili dhana moja tu, tuseme wanaokuja na familia wawe 200 badala ya 400 na waliobaki wapange masta, na soko zima linageuka ingawa hakuna ajira hata moja iliyoongezeka wala kupungua.

Kwa hiyo sisi hatukadirii "nyumba". Tunakadiria aina za makazi, na kila aina tunaipa mpangaji wake mwenye kazi na kipato kinachojulikana.

Reli ya kisasa imebadilisha nini katika makadirio?

Imeyatia ugumu. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria mwishoni mwa Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi Agosti 1, na safari ambayo kwa basi hula siku nzima imekuwa ya saa tatu na nusu hivi. Wauza viwanja walilipokea jambo hili kama habari njema isiyo na upande wa pili: mji unafikika, kwa hiyo utajaa.

Upande wa pili upo. Mtumishi aliyekuwa akijiuliza kama avumilie basi kila wiki mbili au ahamishe familia, sasa ana njia ya tatu, yaani kuondoka Ijumaa jioni na kurudi kabla ya Jumatatu asubuhi. Kwa mtu huyo treni ni sababu ya kutohamisha familia. Nyumba ya vyumba vitatu ambayo angeipanga Kisasa au Ilazo haipangwi, na badala yake anaendelea na masta yake. Papo hapo treni inawaleta wafanyabiashara wanaofungua tawi la pili Dodoma, na wajumbe wa mikutano ambao zamani wangelala siku mbili na sasa wanalala moja. Wenye nyumba za wageni wanaielewa hesabu hiyo kuliko sisi.

Maoni yetu ni kwamba kwa miaka ya mwanzo treni huongeza biashara haraka zaidi kuliko inavyoongeza kaya. Ni maoni, na tutayabadilisha takwimu za uhamisho wa wanafunzi zikionyesha vinginevyo.

Takwimu mnazipata wapi, na zinaaminika kiasi gani?

Msingi ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo nayo makao yake makuu yako Dodoma. Sensa hutoa idadi ya watu na kaya, na ile ya mwaka 2022 ilikwenda pamoja na sensa ya majengo, jambo lililofanyika kwa mara ya kwanza nchini. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2014 na ule wa mwaka 2020/21 hueleza watu wanafanya kazi gani, na pato la taifa hutolewa pia kwa mgawanyo wa mikoa. Hizo zote ni imara, lakini sensa huja kila baada ya miaka 10 na tafiti za nguvukazi hupishana kwa miaka kadhaa, hivyo katikati kuna shimo refu. Mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi unahusisha pia kodi za pango, ila ni wa taifa na haukuambii kilichotokea kati ya Nzuguni na Mkonze.

Shimo hilo tunaliziba kwa vitu vinavyohesabika: vibali vya ujenzi vya halmashauri ya jiji, maombi ya kuunganishiwa maji na umeme, uandikishaji wa shule na leseni mpya za biashara. Kila kimoja kina udhaifu wake. Kibali cha ujenzi, kwa mfano, ni ushahidi wa nia. Msingi unaweza kuchimbwa mwaka huu na bati likapandishwa baada ya miaka saba.

Mnajuaje kama nyumba za kupangisha zimezidi mahitaji?

Tunatembea. Chukua mtaa mmoja wenye nyumba mpya, tembea kuanzia saa moja na nusu jioni, giza likishaingia, na uhesabu nyumba zilizokamilika zenye mwanga ndani na zile ambazo mwanga wake ni wa taa ya ukutani peke yake. Rudi asubuhi uangalie mita za LUKU: kwenye jengo lenye masta sita utakuta mita ndogo sita zimepangwa ukutani kama masanduku ya posta, na zile ambazo vumbi jekundu limetanda kwenye vitufe bila alama ya kidole zinajieleza zenyewe. Hesabu fremu za barabarani zilizofungwa ambazo hazijawahi kufunguliwa, zile ambazo kufuli bado lina mng'ao wa dukani.

Kisha zungumza na madalali, lakini usiwaulize bei. Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo bei atakayokutajia ni ile anayoitamani. Muulize masharti. Soko likiwa la mwenye nyumba, hudai kodi ya mwaka mzima na hataki mazungumzo. Likilegea, bei inayotajwa hubaki ileile kwa sababu ya fahari, lakini mwaka unakuwa miezi sita, miezi sita inakuwa mitatu, maji yanakuwa juu ya mwenye nyumba, na mpangaji anaruhusiwa kuingia tarehe 20 huku mwezi ukianza kuhesabiwa tarehe mosi. Kwa uzoefu wetu, masharti hulegea miezi mingi kabla kodi yenyewe haijashuka, na ndiyo dalili tunayoiamini kuliko zote.

Mapagale mnayahesabu kama nyumba?

Tunayahesabu kando. Dodoma kama ilivyo miji yetu mingi hujengwa kidogo kidogo, kwa mshahara, kiinua mgongo, mchezo wa kupeana na mikopo ya SACCOS, na boma lililofika kwenye lenta linaweza kusimama miaka mingi likiota nyasi. Boma hilo ni akiba iliyogandishwa. Mahitaji yakipanda ghafla, wenye maboma hukopa, huezeka na kuingiza wapangaji ndani ya miezi minne, wakati anayeanza na kiwanja kitupu anahitaji mwaka au zaidi. Mji wenye mapagale mengi hauoni kodi zikipanda kwa muda mrefu, kwa kuwa nyumba za kuwapokea wageni zimeshafika nusu.

Bei za viwanja zinaonyesha mahitaji ya nyumba?

Kwa sehemu ndogo. Kiwanja Dodoma hununuliwa na watu wengi ambao hawana mpango wa kuishi wala kujenga hapa. Ni njia ya kuweka fedha mahali ambapo haziliwi. Mabadiliko ya kisheria pia yamechangia. Enzi za CDA miliki nyingi zilikuwa za miaka 33, na baada ya kuvunjwa kwake wamiliki wakaanza kupata hati za miaka 99 kama wenzao wa miji mingine, hivyo kiwanja kilekile kikawa na thamani kubwa bila mtu yeyote kuhamia. Bei za viwanja zikipanda huku kodi za pango katika eneo lilelile zimesimama, tunasoma hapo hamu ya kuwekeza, na hatuongezi hata kaya moja kwenye makadirio.

Mikopo ya nyumba ina nafasi gani?

Ndogo mno kwa sasa. Riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikizungukia asilimia 15 hadi 19, na deni lote la mikopo hiyo halifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Katika nchi ambazo watu wengi hununua kwa mkopo wa benki, kupanda kwa riba huangusha bei za nyumba katika miezi michache. Hapa kwetu kinachosimamisha ujenzi ni bei ya saruji na nondo, au kuchelewa kwa malimbikizo ya mshahara.

Nyumba zinazojengwa na taasisi za umma zinaathirije soko?

Zinaathiri sana pale zinapojengwa na kidogo sana kwingine. Wakala wa Majengo Tanzania umejenga nyumba za watumishi Nzuguni, na Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu na Chamwino. Wanaohamia huko ni watu wa kipato cha kati na cha juu, ambao wangepanga nyumba nzima Ilazo, Kisasa au Area D. Mwenye nyumba wa huko anaweza kupoteza mpangaji wa miaka mitano kwa mwezi mmoja. Mwenye vyumba vya uani Chang'ombe hatahisi chochote. Tunapoingiza mradi wa namna hii kwenye hesabu tunaupunguza kutoka kwenye aina yake ya makazi peke yake, na tunasubiri nyumba zikabidhiwe. Jiwe la msingi halilazi watu.

Maji yanaingiaje katika makadirio ya nyumba?

Yanaingia kama kikomo. Kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, ambavyo vilichimbwa kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba limezungumzwa kwa miaka mingi kuwa sehemu ya suluhisho. Mtaa unaopata maji kwa mgao wa siku chache kwa wiki unalazimisha kila mwenye nyumba aweke simtanki kubwa na mnara wake, na mpangaji anunue maji ya boza mgao unapokatika. Gharama hiyo haionekani kwenye mkataba, lakini mpangaji huijumlisha kichwani. Nyumba mbili zinazofanana, moja Area C na nyingine kwenye mtaa mpya usio na bomba, hazina mpangaji mmoja, hata kodi zikilingana.

Kwa sababu hiyo tunaweka ukomo wa idadi ya makazi yanayoweza kukaliwa katika kila kata kulingana na mtandao wa maji uliopo, hata kama viwanja vilivyopimwa ni mara tatu ya hapo.

Je, mmewahi kukosea?

Ndiyo, na kosa letu kubwa linafaa kusimuliwa. Katika makadirio ya awali baada ya tangazo la mwaka 2016 tuliichukulia kila ajira iliyohamishwa kuwa kaya kamili, tukatumia wastani wa taifa wa watu kwa kaya, na tukashauri zijengwe nyumba za familia. Aliyetufumbua macho ni mwenye nyumba mmoja, mama mtu mzima, aliyetuita tuone nyumba yake ya vyumba vitatu ambayo aliijenga kwa kufuata ushauri wa namna hiyo. Sebuleni kulikuwa na vitanda viwili, kila chumba kilikuwa na kufuli lake mlangoni, na jikoni kulikuwa na majiko manne ya gesi yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja na mwenyewe. "Nilijenga familia moja ikae," alisema, "wamekuja mabwana watano, kila Ijumaa nyumba inabaki na paka." Tangu hapo hatujakadiria tena nyumba bila kuuliza nani analala humo Jumamosi.

Wapo waliokosea kwa kuelekea upande wa pili. Brasília ilipangwa kwa ajili ya watu wapatao 500,000, na kufikia mwaka 2000 wilaya yake ya makao makuu ilikuwa imepita watu 2,000,000, wengi wao wakiishi katika miji ya pembeni ambayo wasanifu hawakuichora. Waliojenga mji nao walihitaji pa kulala.

Kwa nini mnatoa namba tatu badala ya moja?

Kwa sababu namba moja humfanya msomaji asahau kuwa ilitokana na dhana. Tunatoa hali ya chini, ya kati na ya juu, na katika kila moja tunaandika dhana zake kwa maneno: asilimia ya watumishi wanaohamia na familia, mwaka ambao miradi mikubwa ya ujenzi itakwisha, na hali ya maji. Hali ya kati si lazima iwe ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Mkopeshaji aangalie ya chini, kwa kuwa ndiyo itakayomrudishia au kutomrudishia fedha zake; anayepanga shule, zahanati na mabomba aangalie ya juu. Anayetuomba "namba ya katikati tu, mengine baadaye" kwa kawaida ameshaamua kujenga.

Nina kiwanja Ihumwa karibu na Mji wa Serikali. Nijenge nyumba za kupangisha sasa?

Hatumshauri mtu mmoja mmoja, lakini tunaweza kueleza maswali ambayo tungejiuliza. Ni watumishi wangapi wanaofanya kazi Mtumba wanalala upande huo wa mji, na wangapi bado wanapanda basi la ofisi kutoka Kisasa na Area D kwa kuwa shule na soko viko huko? Maboma mangapi yamefika lenta ndani ya mwendo wa dakika 10 kutoka kwenye kiwanja chako? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Je, unaweza kumudu miezi minane bila mpangaji, kwa fedha yako mwenyewe na si ya mkopo? Kama majibu yanakuelekeza kujenga, ramani inayogeuzika ina nafuu kubwa: masta nne ambazo mbilimbili zinaweza kuunganishwa kwa mlango wa ndani zikawa nyumba mbili za familia, bila kuvunja ukuta wala kuhamisha choo.

Makadirio yanahuishwa lini?

Tunayapitia upya kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kwa sababu vibali vya ajira na fedha za uhamisho hufuata bajeti. Yapo mambo yanayotulazimu kuyafungua kabla ya hapo: kukabidhiwa kwa mradi mkubwa wa maji, kuanza kwa safari za ndege Msalato, au wizara na taasisi kupunguza ofisi ndogo walizobakiza Dar es Salaam.

Lakini kazi yenyewe huanza Januari, shule zinapofunguliwa. Tunakwenda kwa walimu wakuu wa shule za msingi za Nzuguni, Ihumwa na Mtumba na kuomba kitu kimoja tu, idadi ya wanafunzi waliopokelewa kwa barua za uhamisho kutoka Dar es Salaam, darasa kwa darasa. Mtumishi anaweza kujiandikisha Dodoma, akapanga chumba Dodoma na hata kununua kiwanja Dodoma huku moyo wake uko Tabata. Akishamhamisha mtoto wa darasa la tatu, tunaongeza kaya moja.